Nani Alilipa Nauli?

Mpwa wangu ana miaka 15 na anacheza namba sita. Mwaka 2025 alikuwa Gredi ya 9, kati ya watoto wa kwanza kuchagua shule ya upili chini ya mtaala mpya wenye mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Jumapili moja alikuja kwangu Section 58 na daftari. Alikuwa amechora jedwali. Safu ya kwanza shule, ya pili timu za mtaa, ya tatu timu za kampuni na taasisi. Chini ya kila jina ameandika makombe, idadi ya wachezaji walioitwa timu ya taifa, na kama uwanja una nyasi au ni vumbi tu.

"Anti, niambie ukweli. Gani iko juu?"

Mamake, ambaye ni dadangu mkubwa, alikuwa jikoni anasonga ugali. Akajibu kabla yangu. "Iko juu ni ile itakurudisha nyumbani kabla ya saa kumi na mbili."

Mimi nilicheza beki wa kushoto katika mji huu kwa miaka sita. Nilitakiwa kuwa na jibu. Lakini nilipoangalia lile jedwali niliona safu moja haiko, na nilijua haiko kwa sababu hata mimi nikiwa na umri wake sikuiwazia. Hakuna mahali alipoandika timu ni ya nani. Basi nikaanza kumsimulia, na kadiri nilivyosimulia ndivyo nilivyogundua kwamba hadithi ya soka ya wasichana huku kwetu haiwezi kuandikwa kwa makombe. Inabidi iandikwe kwa risiti.

Ile historia iliyo rahisi

Ya wanaume haina shida. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, bingwa wa kwanza kabisa alitoka hapa: Nakuru AllStars. Wakarudia 1969. Halafu mwaka 2001 na 2002 kombe lilienda Naivasha, kwa Oserian, timu ya shamba la maua. Mwaka 2003, 2004 na 2005 likachukuliwa na Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ambayo kwa miaka mingi ilifanya Afraha kuwa nyumbani kwake. Yaani kuanzia 2001 hadi 2005 ubingwa wa Kenya haukutoka mikononi mwa hizo timu mbili. Ulinzi wakaongeza mwingine 2010.

Sisi watoto wa Kaptembwo tulikuwa tunaenda Afraha kuwatazama. Kama huna pesa ya kiingilio unasubiri dakika za mwisho geti lifunguliwe. Nilichokuwa sioni wakati huo ni kwamba wale wanaume walikuwa kazini. Mwanajeshi analipwa mwisho wa mwezi afunge bao asifunge. Mchezaji wa shamba la maua ana kitambulisho cha kazi. Makombe sita katika miaka kumi, na yote yalishindwa na watu ambao nauli haikuwa shida yao.

Sasa tafuta orodha kama hiyo ya wasichana wa Nakuru. Utapata majina ya timu yanayotokea, yanabadilika, halafu yanapotea. Nilidhani hiyo ni aibu ya kwetu peke yetu, mpaka niliposoma ya Uingereza.

Kiwanda cha Preston na ziwa la Naivasha

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wa mji wa Preston waliajiriwa katika kiwanda cha Dick, Kerr, kilichokuwa kinatengeneza silaha. Wakaanza kucheza boli wakati wa mapumziko, kisha wakaunda timu. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu wapatao 53,000. Haikufika mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kiliwapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya wanachama wake, kwa madai kwamba mchezo huu hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Hiyo sehemu inajulikana. Mimi ilinishika sehemu nyingine. Mwaka 1926 kampuni yenyewe ilijitoa kwa timu. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi ingeisha. Lakini wachezaji na meneja wao hawakutawanyika. Walibadilisha jina wakawa Preston Ladies, wakaendelea kucheza popote walipopata uwanja hadi 1965. Kampuni iliondoka, timu ikabaki miaka mingine 39.

Weka hiyo kando, twende Naivasha, kilomita kama 70 kutoka Nakuru. Mashamba ya maua ya kule yanategemea mikono ya wanawake: kukata, kupanga, kufunga, hasa wiki zile za kabla ya Valentine. Mamangu alifanya kazi ya kufunga maua misimu kadhaa, na hadi leo hapendi kupewa waridi. Kwa hivyo haishangazi kwamba Naivasha ndiko tulikopata timu ya wanawake yenye jina la kampuni. Katikati ya miaka ya 2010 Oserian Ladies walikuwa ligi kuu ya wanawake, wakikutana na kina Thika Queens na Vihiga Queens.

Oserian Ladies wenyewe sikuwahi kukutana nao. Lakini niliwahi kucheza mechi ya kirafiki na wasichana wa shamba lingine la maua, nalo nitaliacha bila jina. Walishuka kwa basi. Walikuwa na maji ya chupa na jezi za akiba. Sisi tulikuwa tumefika kwa matatu ya abiria 14 tukiwa watu 19, na jezi zetu zilikuwa bado na unyevu kwa sababu zilifuliwa usiku. Tulipigwa nne bila. Baada ya mechi kipa wao, dada mmoja mpole, aliniuliza, "Nyinyi mnalipwa ngapi mkija?" Nilidhani ananicheka. Kumbe alikuwa anauliza kwa wema. Yeye akicheza, siku ya kazi haikatwi.

Hapo ndipo timu ya kampuni inaishinda timu yoyote ya mtaa. Msichana hachagui kati ya mazoezi na mshahara. Lakini boli si biashara ya shamba. Biashara yake ni maua. Mwezi Machi 2020, Corona ilipofunga masoko ya Ulaya na ndege zikasimama, Naivasha walitupa maua kwa malori na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Wakati kama huo hakuna meneja atakayesimama kwenye mkutano kutetea pesa za jezi. Leo huwezi kupata jina la Oserian katika ligi kuu, si ya wanaume walioshinda mara mbili, si ya wanawake.

Basi la shule

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akaniambia kitu kilichonyamazisha nyumba. "Lakini Anti, walioenda World Cup walikuwa wa shule."

Ana haki. Oktoba 2024, timu yetu ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya ya soka, ya wanaume au wanawake, ya umri wowote, kufika mashindano hayo ya FIFA. Chini ya kocha Mildred Cheche walifungwa na Uingereza 2-0, wakafungwa na Korea Kaskazini 3-0, halafu wakawapiga Mexico 2-1. Hao Korea ndio waliobeba kombe mwishowe. Na wengi wa wasichana wetu walikuwa wanafunzi wa shule za upili, wakirudi kutoka uwanjani wanafungua vitabu.

Ukitazama Bonde la Ufa, nguvu za shule ziko kaskazini: Wiyeta kule Trans Nzoia, Itigo kule Nandi, Tartar kule Pokot Magharibi. Jentrix Shikangwa alipitia Wiyeta. Mwaka 2019, Kenya ilipochukua ubingwa wa CECAFA wa wanawake kwa mara ya kwanza, kule Dar es Salaam, ni yeye aliyefunga mabao yote mawili ya fainali dhidi ya wenyeji Tanzania.

Kwa nini shule inafaulu? Si siri. Shule ina chakula, kitanda, uwanja, mwalimu anayelipwa na serikali, na lile basi la manjano. Mtoto anayelala shuleni hafui nguo za ndugu zake saa ya mazoezi. Hatembei gizani kutoka uwanjani. Mzazi hahitaji kushawishiwa, manake ameshakubali mtoto awe huko. Kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts, lililoanzishwa 2001 kuwapa wasichana wa Pwani nafasi ya kucheza, ilibidi lishughulike na mambo kama ruhusa ya wazazi na sodo kabla hata ya kuzungumzia mbinu za mchezo. Shule ya bweni inaanza mechi ikiwa tayari imepita hapo.

Lakini shule nayo ina saa yake, na saa hiyo inalia siku ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilicheza shule ya kutwa hapa mjini. Muhula wa pili tulikuwa watu muhimu, tunapewa maziwa na mandazi, mwalimu mkuu anatusalimia kwa majina. Muhula wa tatu ukija, mipira inafungiwa stoo. Siku niliyomaliza mtihani nilirudisha jezi namba tatu, nikatia sahihi kwenye kitabu, na kwa maisha yangu ya boli shule ilikuwa imemalizana na mimi. Tulikuwa 18 kwenye kikosi kile. Walioendelea kucheza baada ya shule walikuwa wanne.

Jina kama barua ya maombi

Wanne hao tulienda mtaani.

Hapa ndipo Nakuru iko tofauti na Nairobi. Mathare wana MYSA, iliyoanza 1987 na kuingiza timu za wasichana 1992. Kule timu ilipata pointi za ligi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mtaa, na watoto wenyewe walikaa kwenye kamati. Kutoka mfumo huo akapatikana Doreen Nabwire, aliyefika hadi Werder Bremen ya Ujerumani. Akapatikana Esse Akida, aliyekuwa kwenye kikosi cha Harambee Starlets kilichocheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, Cameroon, mwaka 2016. Nakuru haikuwa na kitu cha ukubwa huo. Tulikuwa na kocha mmoja, filimbi moja, na mama mboga aliyetuwekea mipira chini ya meza yake.

Na tulikuwa na mji ambao unaweza kukuvunjia timu kwa usiku mmoja. Nilikuwa kidato cha pili Januari 2008. Timu yetu ya kwanza ya mtaa ilikuwa na wasichana wa makabila matano, na hatukuwa tumewahi kuhesabu. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, uwanja wa maonyesho ya kilimo, pale Showground tulipokuwa tunaiba nafasi ya mazoezi, ukajaa mahema ya wakimbizi. Wenzetu wawili walikuwa ndani ya mahema hayo. Wengine walipelekwa mashambani kwa nyanya zao. Tulipojaribu kuanza tena katikati ya mwaka tulipata watu saba. Kocha akasema sawa, tutacheza saba. Sijawahi kusikia mtu akiitaja timu ile katika historia yoyote ya soka ya mji huu, kwa hivyo naitaja hapa.

Timu ya wanawake iliyobeba jina la mji kwenye ligi kuu ni Nakuru West Queens. Nakuru Magharibi ni jina la eneo bunge. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, na timu hiyo ikaja kujulikana kama Nakuru City Queens. Wengine huona hayo ni mambo ya kubadilisha nembo tu. Mimi niliyewahi kukaa kwenye vikao vya timu ndogo naona kitu kingine. Timu isiyo na mwenyewe hujiita jina la yule inayetumaini atakuwa mwenyewe. Jina linakuwa kama barua ya maombi: mheshimiwa, tunabeba jina la eneo lako, kaunti, tunabeba jina la jiji lako.

Maombi hayo wakati mwingine hujibiwa. Vihiga Queens walishikwa mkono na serikali ya kaunti yao. Wakawa mabingwa 2017, 2018 na 2019. Mwaka 2021 wakashinda mchujo wa CECAFA na kwenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika, ile ya kwanza kabisa. Wasichana wa Vihiga hawakuzaliwa na miguu tofauti na ya wasichana wa Rhonda au Kivumbini.

Ya kwetu haikujibiwa. Msimu wangu wa mwisho tulikuwa na mfadhili, mfanyabiashara ambaye jina lake sitaji. Alituahidi nauli ya mechi zote za ugenini. Mbili za kwanza alilipa. Ya tatu ilikuwa Kakamega, Jumamosi. Saa kumi na moja asubuhi tulikuwa stendi, watu 17, kila mtu na kiatu chake kwenye mfuko wa plastiki. Simu yake haikupatikana. Tukachanga. Mwenye mia alitoa mia, mwenye hamsini akatoa hamsini. Kufika saa mbili tulikuwa na nusu ya nauli. Kocha alihesabu zile noti mara mbili, akamrudishia kila mtu yake, akatuambia twende nyumbani. Wapinzani wakapewa pointi tatu na mabao mawili ya bure. Ilitokea tena, na tena, na kwa sheria ya ligi yetu ndogo ukikosa mechi tatu unaondolewa. Mara ya mwisho kucheza mechi ya ushindani nilikuwa na miaka 22, na sikujua ni ya mwisho.

Hata timu ya taifa haiko salama. Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho la soka. Kabla ya adhabu hiyo, katika mgogoro huo huo, Harambee Starlets walikuwa wanajiandaa kukutana na Uganda kufuzu Kombe la Afrika. Waliondolewa, Uganda wakasonga mbele bila kucheza. Adhabu ilitolewa Novemba mwaka huo huo, lakini mashindano yalikuwa yameshapita. Wanaume wazima waligombana ofisini Nairobi, na bili ikaletwa kwa wasichana.

Safu ya nne

Kwa hivyo nilipomaliza, ugali umeshaliwa na dadangu ameacha kujifanya hasikilizi, nilichukua lile daftari. Sikugusa makombe yake. Niliongeza safu ya nne na kuandika maswali matatu. Nani analipa nauli? Akiondoka, nani anabaki na timu? Ukiumia goti, nani anakupeleka hospitali?

Tukajaza pamoja. Timu ya kampuni au taasisi: nauli iko, hospitali iko, lakini siku bosi akibadilisha mawazo hakuna wa kuuliza. Ndiyo maana zile za jeshi na polisi zinavutia. Ulinzi Starlets ni timu ya jeshi. Kenya Police Bullets, waliokuwa mabingwa msimu wa 2023-24, wako chini ya polisi. Hizo ni taasisi zisizofungwa hasara ikiingia. Lakini ni za watu wazima, na yeye ana miaka 15. Shule: nauli iko, chakula kiko, kwa miaka mitatu. Timu ya mtaa: nauli haiko, hospitali haiko, lakini swali la pili ndilo inalolijibu vizuri kuliko zote. Kocha wetu yule wa filimbi moja bado yuko uwanjani. Wafadhili wanne wamekuja na kwenda, yeye yuko.

Dadangu akauliza, "Kwani lazima achague moja?"

Hilo swali sikuwa nimejiuliza. Sisi tulichagua kimoja baada ya kingine kwa sababu kila mlango ulikuwa umefungwa tulipofika unaofuata. Wale wa Preston waliweza kubaki miaka 39 kwa sababu kabla kampuni haijaondoka walikuwa wameshaanza kuiona timu kuwa yao. Labda msichana anaweza kufanya hivyo pia: atumie basi la shule likiwepo, na asikate kamba ya mtaani.

Mpwa wangu alichagua mkondo wa sanaa na michezo, na shule ya bweni upande wa kaskazini. Kabla hajaondoka Januari nilimpeleka kwa kocha. Mzee alimtazama akipiga pasi kwa dakika kumi, akasema likizo zote aje, jina lake litakuwa kwenye orodha. Siku ya kuripoti tulimsindikiza stendi na sanduku, godoro, na kiatu kipya ambacho dadangu alikilipia kidogo kidogo tangu Septemba. Hakuna aliyelia, isipokuwa mimi.

Shuleni hawaruhusiwi simu. Wiki ya tatu nilipigiwa na namba nisiyoijua, ya mwalimu. Akampa dakika mbili.

"Anti, nauli ya mechi inalipwa na shule," alisema, haraka haraka. "Jezi ni yao. Ile ya goti niliuliza madam wa michezo, akasema ni swali zuri, atauliza. Nitamkumbusha Ijumaa."